Uso wa Mkimbizi

Mwaka 2015 Warundi kwa maelfu waliyakimbia machafuko nchini mwao, wakapokelewa katika kambi za Nyarugusu, wilayani Kasulu, na Nduta, wilayani Kibondo. Waandishi wa habari nao walifika, na ilikuwa haki yao: Ibara ya 18 ya Katiba yetu ya mwaka 1977 yalinda uhuru wa kutafuta na kutoa habari. Lakini Ibara ya 16 yamhifadhi kila mtu, si raia peke yake, katika maisha yake binafsi na familia yake.

Mama aliyetoroka akichapishwa picha na jina, aliowakimbia watajua alipo, na jamaa aliowaacha nyumbani waweza kulipiziwa kisasi. Akiombwa ruhusa hali amesimama katika foleni ya chakula, je, atathubutu kukataa?

Mwandishi na aulize kama mgao watosha, awachunguze wanaougawa. Huko ndiko uhuru wake unakotakiwa. Jina na uso wa mnyonge vikiachwa, ukweli wa habari haupungui. Aliyepewa hifadhi ya ardhi, yatupasa kumpa na hifadhi ya siri.