Bima Tunaiona kwenye Simu, Breki Je?

Chukua simu yako. Andika namba ya gari lolote kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, utaambiwa kama lina bima, ni ya kampuni gani na inaisha lini. Andika namba hiyohiyo kwenye mfumo wa faini wa polisi, deni lote litajitokeza, shilingi 30,000 kwa kila kosa, pamoja na kumbukumbu namba ya kulipia. Sasa tafuta pa kuandika namba hiyo ili ujue breki za gari hilo zilipimwa lini, na nani, na zilionekanaje. Utatafuta mpaka bando liishe.

Yaani kompyuta zetu zinajua nani anadaiwa na nani kalipa, lakini uzima wa gari lenyewe bado unategemea karatasi na stika ya kiooni. Tulianza na hela. Roho za watu tukaziweka foleni ya nyuma.

Stika ikishabandikwa imebandikwa. Haisemi aliyekagua ni nani, wala kama aliingia chini ya gari au aliishia kwenye kioo cha mbele. Malalamiko kwamba stika za ukaguzi hulipiwa na kubandikwa kabla gari halijaguswa ni ya miaka mingi, na hatujamwona dereva anayeyasikia akashangaa. Hata pale ukaguzi unapofanyika kweli, mafundi wanaujua mchezo. Jioni moja kabla, tairi nne zenye kashata zinafunguliwa kwenye gari la jamaa na kufungwa kwenye Hiace. Balbu ya taa ya breki inaazimwa. Hendibreki inakazwa ishike siku hiyo tu. Gari linapita, mwenye gari anamtoa fundi hela ya soda, na kabla ya magharibi tairi zimerudi kwa mwenyewe. Vipara vinaingia barabarani na abiria wao, na stika mpya inang'aa.

Trafiki atakayelisimamisha gari hilo wiki ijayo ataona nini? Stika. Hana cha kulinganisha nacho. Angekuwa na rekodi kwenye simu yake, yenye picha za gari likiwa kituoni na kina cha kashata za kila tairi, angeinama mara moja na mchezo ungekwisha pale pale.

Kinachoudhi zaidi ni kwamba ukaguzi makini tunao, ila tunaufanya kwa wakati wa ajabu. Gari likishagonga, mkaguzi wa magari wa polisi huitwa. Hapo breki hupimwa, stelingi huzungushwa, tairi hukodolewa macho, na ripoti huandikwa kwa sababu kampuni ya bima haitalipa bila ripoti. Ni kama kumpima mtu malaria siku ya matanga. Na kampuni hiyohiyo, ilipokuwa inapokea hela ya bima ndogo, haikuuliza hata kama gari lina breki. Iliuliza namba ya gari, jina na namba ya simu. Siku ya madai ndipo inapofungua masharti na kumsomea mteja kwamba alitakiwa kulitunza gari lake katika hali nzuri.

Dawa haihitaji tume wala semina. Kompyuta ya bima, kabla ya kutoa stika ya kielektroniki, iulize swali moja: gari hili limekaguliwa? Kama halijakaguliwa, bima haitoki.

Kwa nini bima? Kwa sababu ndilo lango pekee lililobaki ambalo kila chombo cha moto kinatakiwa kulipita kila mwaka. Zamani tulikuwa na ada ya mwaka ya leseni ya gari, ile iliyokuwa ikilimbikiza madeni hata kwa gari lililokufa uani. Serikali iliifuta mwaka 2017 na kuihamishia kwenye mafuta, na hakuna aliyeililia. Vyombo vya biashara vinapita LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, kuomba leseni, vizuri. Lakini gari la binafsi, lile linalopeleka watoto shule asubuhi na kubeba wageni wa harusi Jumamosi, linadaiwa bima tu. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inalilazimisha. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, Sura ya 168, inakataza gari bovu barabarani. Sheria mbili, namba zinafuatana, na bado tunaziendesha kama hazijawahi kukutana.

Wala hatubuni kitu kipya. Uingereza walianza kukagua magari kwa lazima mwaka 1960, na kwa miaka mingi cheti kilikuwa karatasi, kikighushiwa na kuibwa kama karatasi nyingine. Kufikia mwaka 2006 vituo vyote vilikuwa vinaingiza matokeo moja kwa moja kwenye kompyuta ya taifa. Bima nazo zilikuwa zimeshawekwa kwenye daftari moja la kielektroniki. Mwenye gari alipokwenda kulipa ushuru wa barabara kwa mtandao, kompyuta yenyewe ilichungulia kote kuwili: limekaguliwa? lina bima? Hakukuwa na haja ya kubeba bahasha ya karatasi kwenda dirishani. Mwezi Oktoba 2014 waliiondoa hata stika ya ushuru, iliyokaa kwenye vioo tangu mwaka 1921, kwa sababu kamera za polisi zinasoma namba ya gari na kujua yaliyobaki.

Na huko, mtu yeyote akiwa na namba ya gari anaweza kusoma bure historia ya ukaguzi wake: mwaka gani lilifeli, lilifeli kwa breki au kwa taa, na lilikuwa limetembea umbali gani kila lilipopimwa. Hebu fikiria jambo hilo dogo lingefanya nini hapa kwetu. Mtu anakwenda kwa dalali, anaoneshwa gari lililotumika nchini miaka minane na mita inayosoma kilomita 70,000. Dalali anaapa kwamba mwenye gari ni mama mmoja, analipeleka kanisani tu na kurudi. Kwa rekodi ya kila mwaka, mnunuzi angefungua simu na kuona kwamba miaka mitatu iliyopita gari hilo lilikuwa limeshafika 180,000. Rekodi hiyo haihitaji kutaja jina la mama wala anakoishi, kwa hiyo wanaokimbilia hoja ya siri za watu watulie. Ni habari za gari.

Tunazijua sababu zitakazotolewa, tumezisikia za kutosha.

Wataanza na vituo: ni vichache. Basi viongezwe, tena si lazima serikali ijenge. Vituo vya Uingereza ni zaidi ya 20,000, na vingi ni gereji za kawaida za watu binafsi zilizopewa kibali, zenye mafundi waliofaulu mtihani na zinazovamiwa na wasimamizi bila taarifa. Serikali inapanga ada ya juu kabisa, pauni 54.85 kwa gari dogo, na kusimamia. Sisi tuna karakana za TEMESA mikoani. Tuna vyuo vya VETA vinavyofundisha umekanika kila mwaka. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji pale Mabibo kinafundisha fani hizihizi. Tuna gereji kubwa mijini zenye lifti na mashine, ambazo zingeshukuru kupata kazi hiyo. Wilaya zisizo na kitu zingepata gari la ukaguzi linalozunguka kwa ratiba, kama minada inavyozunguka.

Watakuja na hoja ya rushwa. Kweli, kompyuta haimfanyi mla rushwa kuwa mtakatifu. Lakini inamwandika. Kila cheti kinabeba namba ya aliyekagua, saa aliyoanza na saa aliyomaliza, na picha ya gari likiwa juu ya mashine. Mashine ya kupimia breki itume yenyewe namba zake kwenye mfumo, mkono wa mtu usiziguse. Fundi aliyepitisha magari arobaini kwa siku moja ataonekana bila kuhitaji mpelelezi. Gari likiua kwa kukosa breki wiki mbili baada ya kupita, kila mtu atajua aanzie kwa nani. Leo aanzie wapi? Stika haina sahihi ya mtu.

Hoja ya umaskini ndiyo tunayoiheshimu kidogo. Mwenye gari dogo anatoa 118,000 kwa bima ndogo, na kumwongezea ada ya ukaguzi ni kumwongezea mzigo. Mwenye bodaboda hali yake ni ngumu zaidi. Kwa hiyo ada iwe ndogo, chombo kinachofeli kipewe siku kadhaa za kutengenezwa na kurudi bila kulipa upya, na magari mapya yasamehewe miaka ya mwanzo. Hayo yanapangika. Lakini tusidanganyane kwamba kumwachia mtu breki mbovu ni kumhurumia. Seti ya breki pedi ni hela ndogo mno ukilinganisha na wodi ya mifupa Muhimbili, achilia mbali jeneza.

Hoja ya mtandao kukatika hatutaijadili. Mtandao ukikatika leo faini zinasubiri, ukirudi zinalipwa. Hatujasikia mtu akipendekeza tuachane na faini.

Hatari ya kweli ni moja, na kwa bahati mbaya haisemwi sana: kila ofisi itataka mfumo wake. Polisi wajenge wao, LATRA wao, TIRA wabaki na wao, TRA wakae na kadi ya gari kivyao, kisha tuitane baada ya miaka mitano kulalamika kwamba mifumo haisomani. Gari ni moja, lina chesesi moja. Liwe na ukurasa mmoja: usajili, ukaguzi, bima, faini. Atakayeandika namba aone vyote mahali pamoja, awe trafiki wa Chalinze, abiria wa Mbagala au mnunuzi aliyeko Mwanza.

Polisi wako chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, TIRA iko chini ya Wizara ya Fedha, LATRA iko chini ya Wizara ya Uchukuzi. Mawaziri watatu wanaokutana kwenye baraza lilelile la mawaziri. Wakubaliane tarehe, waanze na mabasi na malori, wafuatie magari ya binafsi yenye umri mkubwa, kanuni zipelekwe zinakotakiwa na tarehe itangazwe.

Na wewe ambaye bima yako inaisha mwezi huu, usiwasubiri. Pitisha gari kwa fundi kabla ya kulipia, magurudumu yafunguliwe, pedi zitazamwe ukiwa umesimama hapo hapo. Usikubali kuambiwa "ziko poa bosi" na mtu ambaye hajashika spana.