Benga yahitaji video zinazolingana na magitaa yake

WAPENZI wa benga katika kaunti za Migori na Homa Bay wanajua kuwa utamu wa wimbo hukolea mwimbaji anaponyamaza, besi ikatangulia na magitaa yakaanza kujibizana.

Ni ufundi uliovuka bahari. Mwaka wa 2004, wanaroki wa Marekani Ian Eagleson na Alex Minoff waliungana na Otieno Jagwasi kuunda bendi ya Extra Golden. Albamu yao ya kwanza ilitolewa 2006 na Thrill Jockey, kampuni iliyotoa pia kazi za Tortoise, bendi ya Chicago inayosifika kwa roki ya ala tupu. Jagwasi hakuishi kuiona, alifariki 2005.

Mwaka wa 2006 pia, Daniel Owino Misiani, mzaliwa wa Shirati, ng'ambo tu ya mpaka wa Migori, alifariki katika ajali ya barabarani Kisumu.

Sauti zao zimebaki. Picha ndizo haba. Video nyingi za benga humfuata mwimbaji na wachezaji densi, huku mpiga gitaa akiachwa pembeni, ilhali vidole vyake ndivyo darasa la chipukizi.

Katiba ya 2010 ilizikabidhi kaunti shughuli za utamaduni na burudani. Hivyo basi, Migori na Homa Bay haziwezi kuisukumia Nairobi mzigo huu. Kuta za Thimlich Ohinga zilisimama kwa karne kadhaa hadi UNESCO ikazitambua 2018. Wakongwe wa benga hawana muda huo.