Imani na Amana ni Ndugu

Neno 'imani' tulilipata kutoka Kiarabu, na halikuja peke yake. Lilikuja na nduguye 'amana', na kutokana na shina hilohilo tukapata 'uaminifu'. Kwa hivyo, sioni vipi Mkristo atajigamba kuwa ana imani ilhali anaifanyia hiana amana aliyokabidhiwa.

Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba zaidi ya asilimia 85 ya Wakenya ni Wakristo. Hata hivyo, matokeo ya watahiniwa 5,101 wa KCSE ya mwaka 2015 yalifutwa kwa sababu ya udanganyifu. Karatasi za mtihani hazina miguu. Zilipitia mikononi mwa watu wazima, na ni vigumu kusadiki kwamba hao wote hawakanyagi kanisani.

Ndugu wa uamsho ulioingia Kenya kutoka Rwanda mwaka 1937 walijulikana kwa kurudisha mali waliyoiba na kulipa madeni waliyoyakana. Kwao, toba isiyogusa mfuko ilikuwa maneno matupu.

Mwalimu mwenzangu, amana yako ni kipindi kizima, wala si kutia sahihi na kuondoka. Nawe mwanafunzi, amana yako ni jibu ulilolitokea jasho. Nyumbani nako, muulizeni yaya kama hulipwa ujira wake mwezi unapokwisha. Kasisi hutuona Jumapili tukiwa tumevaa vizuri. Yaya hutuona siku zote. Ushahidi wake ndio wenye uzito.