Mtu mzima akijifunza moto, asikimbilie abiria

Farasi wetu sisi watu wa Masisi na Walikale ni moto. Njo inapeleka mama mwenye mimba hospitali, njo inabeba makala na maharagi, njo inafika fasi gari imeshindwa. Na miaka hii njo kazi ambayo wachimbaji wengi wanakimbilia wakitoka shimoni. Mtu wa miaka 30, 40, hata 50, hajashika gidoni hata siku moja. Anauza mfuko wa mwisho, anakopa kwa shemeji, ananunua moto. Jumatatu rafiki anamufundisha. Jumatano yuko barabarani na abiria wawili nyuma. Tunasema wazi: hii haraka inatuua.

Hatuwalaumu wanaoacha shimo. Rubaya ilichukuliwa na M23 tarehe 30 mwezi wa 4, 2024. Walikale-Centre nayo ikaingiliwa mwezi wa 3, 2025. Kila vita inapopita, kuna watu wanaobaki bila kazi. Wengine wamechoka tu kuzika wenzao chini ya udongo. Mbele ya macho yao moto ni kazi ya mwangani, kazi ya kupumua. Ni kweli. Lakini udongo wa barabarani nao unaangusha, na pale hakuna mwenzako wa kukuvuta na kamba.

Tuangalie vile sisi wenyewe tunafundishana shimoni. Mgeni haingii siku ya kwanza mpaka mwisho wa tundu na nyundo mkononi. Anaanza kubeba mifuko inje. Kiisha anaingia kidogo, nyuma ya mwenye kujua. Anaonyeshwa vile miti inasimamishwa, vile jiwe lenye kutaka kuanguka linasikika. PDG mwenye akili hawezi kumuacha peke yake, juu kosa la mmoja linafunika wote. Sasa, mtu yule yule aliyekubali kuwa mwanafunzi shimoni miezi mingi, kwa nini anataka kuwa motari kwa siku mbili?

Tuangalie pia chukudu, chombo chetu ambacho Goma imesimamishia sanamu. Kijana wa chukudu alianza akiwa mtoto, kwenye kilima kidogo, bila mzigo. Alianguka mara mingi, na kila mara alianguka karibu na chini. Akajua kukanyaga gurudumu la nyuma mapema, mbele ya kona. Kiisha akabeba kuni kidogo, kiisha mfuko moja, kiisha mbili. Siku unamuona anashuka na mzigo wa kutisha, nyuma yake kuna miaka. Mtu wa moto ya jana hana ile miaka, na chombo chake kinakimbia zaidi ya chukudu.

Mtu mzima anaweza kujifunza vizuri sana. Ila ana shida zake, na ni vema azijue. Mwili wake ni mzito na mikono inakauka kwa woga. Anaangalia gurudumu la mbele, wakati macho inapaswa kuwa mbali, fasi anataka kwenda. Mkono wa kushoto una ambrayaji, mguu wa kushoto una vitesi, mkono wa kuume una freni ya mbele, mguu wa kuume freni ya nyuma: viungo vine, kazi ine, kwa wakati moja. Kichwa kinajua kwa saa moja. Mikono na miguu inataka siku mingi. Siku ya hatari kichwa hakina wakati wa kufikiri. Ukishuka kutoka Mushaki mvua ikinyesha, ukashika freni ya mbele kwa nguvu juu ya matope, gurudumu linateleza na wote munalala chini. Mwenye kufundishwa anateremuka na vitesi ndogo, moto yenyewe inamushika, na anagusa freni pole pole. Kule Walikale, kwenye madaraja ya miti, anasimama kwanza, anashusha abiria, anavuka peke yake.

Wazee waliobeba kasiterite mgongoni toka Bisie, wakipita msitu mpaka Njingala, wanajua uzito ni nini. Mzigo wa mgongoni magoti yanakuambia mapema kama umezidi. Mzigo wa moto hausemi kitu, mpaka kwenye kona.

Kuna watakaotujibu: "Nyinyi munaandika tu. Watoto watakula nini hizo wiki mbili?" Swali ni la haki, zaidi kwa yule anayetumikia moto ya mwingine na kila jioni lazima alete pesa ya mwenye moto. Lakini tuhesabu kama tunavyohesabu shimoni. Mguu ukivunjika, ni miezi nyumbani, dawa ya kununua, moto ya kutengeneza, na deni la shemeji linabaki pale pale. Na kama ni abiria amekufa, hakuna franga za kulipa ile. Wiki mbili za njaa kidogo ni nafuu.

Basi tunaomba nini? Mwenye kununua moto asimalize pesa yote juu ya chombo. Abakishe ya kasko, na ya kumulipa motari wa zamani amufundishe. Shirika la Afya Duniani, OMS, limeandika kwamba kasko nzuri inapunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42, na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Kasko ya kufunga kabisa, hapana ya kutundika kwa gidoni. Vyama vya wamotari na koperative za wachimbaji vikubaliane na vijiji: uwanja wa mpira asubuhi uwe fasi ya kujifunzia. Kwanza peke yako, kiisha na mfuko wa mchanga nyuma, kiisha na mwalimu mwenyewe nyuma. Akikubali kukaa nyuma yako kwenye mteremko, sasa tafuta permi na abiria. Sheria ya barabara ya nchi yetu, ya 1978, inaomba permi. Lakini ile karatasi bila mazoezi haishiki freni.

Na wenye moto, mumupatie mtu mpya siku za kujifunza bila kudai pesa. Ni chombo chenu pia munalinda.

Kwetu sisi tulioko nyumbani na kando ya barabara, kuna kazi moja: tuache kucheka. Muzee wa miaka 45 akianguka uwanjani mbele ya watoto, watu wanapiga kelele, naye kesho anakimbilia barabarani ili asionekane mwanafunzi. Haya inafukuza wengi uwanjani kabla hawajajua. Mama mwenye kutaka kujifunza anachekwa mara mbili. Tumusimamishe, tumupanguse matope, tumuambie aanze tena. Na mama wa nyumba, ukiona bwana yako amejua moto kwa siku mbili, kataa kupanda na mtoto. Umuambie: rudi uwanjani, tutakungoja.