Tohara ya watoto wachanga: Ulaya wanabishana juu ya ruhusa, hapa kwetu tuulize nani anashika wembe

Kuna watu wanaosema eti huko Ulaya walishakataza kutahiri watoto. Si kweli namna hiyo. Lakini kesi zilikuwako, na moja kati yazo inatuhusu kuliko tunavyofikiri, sisi wa Butembo na Beni.

Ni ile ya mji wa Cologne, Ujerumani. Munganga mmoja alitahiri mtoto wa miaka 4, wa familia ya Kiislamu, kwa ombi la wazazi. Kisha siku 2 mtoto akatoka damu nyingi, akapelekwa hospitali, na mambo yakafika tribinali. Mwezi wa tano 2012 waamuzi wakasema kama kumkata mtoto asiye mgonjwa ni kumjeruhi, hata wazazi wakikubali, juu mwili ni wake na anaweza kungojea akomae aamue mwenyewe. Munganga hakuhukumiwa: sheria haikuwa wazi, hangeweza kujua kama anafanya kosa. Wayahudi na Waislamu wakalalamika sana. Mwezi wa 12 mwaka ule ule, bunge likapitisha sheria inayowapa wazazi ruhusa, ila kazi ifanywe kwa kufuata kanuni za uganga. Basi, ule uamuzi haukumaliza hata mwaka.

Karibu na sisi kidogo, Afrika ya Kusini, sheria ya watoto ya 2005 inakataza kutahiri mtoto mwanaume mwenye chini ya miaka 16, isipokuwa kwa sababu ya dini ao ya afya. Huko walikuwa wamechoka kuzika vijana waliokufa kwenye kambi za jando.

Na Kongo? Katiba ya 2006, kifungu cha 16, inalinda mwili wa kila mtu. Kisha kuna sheria ya tarehe 20 mwezi wa saba 2006 juu ya ubakaji. Inasema anayeharibu viungo vya uzazi vya mtu anafungwa miaka 2 mpaka 5, na mtu akifa, ni kifungo cha maisha. Wameandika "mtu", hawakuandika mwanamke. Avoka mjanja angeweza kujaribu kupita hapo. Lakini sheria ile ilitungwa juu ya mateso ya vita, na mimi simuoni mwamuzi wa Beni akiipiga juu ya baba aliyepeleka mtoto wake kutahiriwa. Kwa Wanande tohara si jambo la kuweka mezani. Wazee walipitia olusumba. Leo kazi inafanywa mtoto angali mchanga, mara nyingi kwenye kituo cha afya, na mama anarudi naye nyumbani siku ile ile.

Hapo njo ninarudi Cologne. Ile kesi haikuanza na dini, ilianza na damu. Na damu, hapa kwetu, tuna sababu ya kuiogopa. Wakati wa Ebola, kati ya 2018 na 2020, moja ya njia ambazo ugonjwa ulipita Beni ilikuwa vile vituo vidogo vinavyochanganya dawa za kienyeji na za kizungu. Watoto waliambukizwa humo, wakiwa wameletwa kutibiwa kitu kingine kabisa. Sindano, makasi, mikono isiyooshwa. Wembe wa tohara hauko mbali na hayo.

Sheria ya kumshika aliyefanya vibaya iko, na ni ya zamani. Kitabu cha makosa, vifungu vya 52 mpaka 54, kinahukumu anayeua ao anayejeruhi bila kukusudia, kwa kukosa uangalifu. Kitabu cha sheria ya madeni na mapatano, kifungu cha 258, kinamlazimisha kulipa hasara aliyoleta. Hakuna haja ya kungojea Kinshasa. Kinachokosa ni karatasi. Mtoto ametahiriwa kwa jirani "anayejua kazi", hakuna fishi, hakuna jina, hakuna risiti. Kidonda kikioza familia inakwenda kupatana: mbuzi, franga kidogo za dawa, na maneno yanaishia kwenye avenue. Mimi sisemi kupatana ni vibaya, kwenda tribinali kunakula feza na siku. Lakini kesho yule yule anashika mtoto mwingine, na mama wa pili hajui chochote.

Kwa hiyo mzazi anayepeleka mtoto aulize kabla, bila haya: jina lako nani, umesomea wapi, zone ya afya inakujua? Vyombo vimechemshwa lini? Damu ikikataa kukauka usiku, tunakwenda wapi? Kisha aombe fishi yenye tarehe na sahihi, aiweke pamoja na karatasi ya kuzaliwa. Zone za afya nazo zinajua vituo vyao. Orodha ya wale wenye ruhusa ya kutahiri inaweza kubandikwa mlangoni, na sisi kwenye redio tuko tayari kuisoma hewani kila wiki.