Swichi za stima zisizo na majina ni hatari nyumbani

JUMAMOSI moja jioni, mwanamume mmoja aliletwa katika kliniki yangu akitetemeka, vidole viwili vya mkono wake wa kulia vikiwa vimeungua. Mkewe alikuwa nyuma yake, bila viatu.

Shawa ya maji moto ilikuwa imeharibika, naye akaamua kuitengeneza mwenyewe. Alifungua kisanduku cha swichi za stima kilicho juu ya mlango, akazima moja, na taa ya bafuni ikazimika. Akaridhika kwamba bafu zima halina stima. Kumbe taa ina laini yake na shawa ina yake! Alipogusa waya, alinaswa.

Mkewe alisikia mlio wake akakimbilia kisanduku. Alikuta swichi nane zinazofanana kama mapacha, wala hapakuwa na neno hata moja lililoandikwa. Akazima ya kwanza, televisheni ikanyamaza. Akazima ya pili, friji ikanyamaza. Alipofika ya tano ndipo mumewe alipoachiliwa, akaanguka chini.

"Daktari, sikujua ni ipi," aliniambia huku akilia.

Swichi kuu, ambayo ingekata stima ya nyumba nzima mara moja, ilikuwa papo hapo mwanzoni mwa safu. Hakuna aliyekuwa amewahi kumwonyesha.

Bwana huyo alipona. Nilimtuma hospitalini apimwe moyo, kwa sababu stima inaweza kuvuruga mapigo ya moyo hata kama ngozi imeungua kidogo tu. Si wote wanaobahatika hivyo.

Watu wengi hudhani kwamba mtu akinaswa, swichi hizo zitajizima zenyewe. Mara nyingi sivyo. Swichi ya kawaida huwekwa ili nyaya zisishike moto, si kwa ajili ya kumlinda mwanadamu. Ile ya shawa huhimili ampea 32 au zaidi kabla ya kujizima. Lakini ampea 0.02 tu yaweza kukaza misuli ya mkono hata mtu ashindwe kuachilia waya, na ampea 0.1 ikipita kifuani yaweza kuusimamisha moyo. Moyo ukisimama, ubongo huanza kuharibika baada ya dakika nne hivi. Iko swichi maalum inayohisi stima inapovuja na kuikata ikifikia ampea 0.03. Mwulize fundi wako kama nyumba yako inayo.

Usiku ule nilirudi nyumbani nikafungua kisanduku chetu. Mimi ninayewashauri wengine nilikuta maneno matatu ya penseli yaliyofifia. Keshoye tulijaribu swichi moja moja, na ile iliyoandikwa "jiko" ikazima soketi za chumba cha kulala! Jina la uongo ni baya kuliko kukosa jina, maana humpa mtu moyo wa kugusa asichopaswa kugusa.

Kazi yenyewe ilituchukua chini ya saa moja. Ifanye mchana. Mmoja asimame kwenye kisanduku na kuzima swichi moja, mwingine azunguke na redio akijaribu kila soketi, kila taa, shawa na jiko. Andika kilichozimika, kisha washa tena na uendelee na inayofuata. Usifungue kifuniko kilichofungwa kwa skrubu, kwa kuwa ndani yake mna nyaya zenye stima.

Andika kwa wino usiofutika. Sisi tulitumia plasta ya vidonda, nayo imeshika vizuri. Usiandike "chumba cha Kamau", kwani mgeni au yaya hatajua Kamau hulala wapi. Andika "soketi za chumba cha mbele". Swichi kuu itie alama nyekundu, na kila mtu wa nyumbani aonyeshwe, hata watoto wakubwa. Usiku wa ajali hakuna wa kusoma orodha. Zima hiyo kuu kwanza.

Aliyenaswa usimguse kabla ya stima kukatwa. Ikishakatwa, ikiwa hapumui, itisha msaada na uanze kubonyeza katikati ya kifua chake kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuchoka.

Kwa maoni yangu, mzigo huu usiachiwe mpangaji peke yake. Mwenye nyumba anayekabidhi funguo angepaswa kukabidhi pia kisanduku chenye majina. Na wewe unayemwita fundi, hakikisha ana leseni ya EPRA, na usimlipe salio lake kabla hajaandika alichobadilisha na tarehe. Hata baada ya hayo, kazi ya nyaya mwachie yeye, naye apime kwa testa kabla ya kugusa.

Husemwa kwamba ajali haina kinga. Kwa hii, nakataa. Mama yule alikuwa na mikono, akili na ujasiri wa kumwokoa mumewe papo hapo. Alichokosa ni maneno machache juu ya kisanduku. Leo jioni, kabla ya kulala, fungua chako ukitazame.