Betri hulaumiwa bure, dainamo haijaulizwa

Aghalabu gari kuukuu likikataa kuwaka asubuhi, hukumu hutolewa kabla ya kesi kusikizwa: betri imekufa. Mwenye gari hutia mkono mfukoni, betri mpya huletwa, na baada ya majuma matatu gari lilo hilo husukumwa tena na vijana wa mtaa. Hayo yamenifika mimi mwenyewe. Nilinunua betri mbili katika mwaka mmoja kwa ajili ya Land Rover ya miaka ya 1960, na fundi niliyemwamini hakuitazama dainamo hata mara moja. Kumbe kosa lilikuwa brashi mbili za kaboni zilizolika.

Siandiki haya ili kuwasuta mafundi wa jua kali. Wengi wao wamelelewa na alteneta, na dainamo kwao ni mgeni. Lawama yangu naielekeza kwetu sisi walimu. Tunawafundisha wanafunzi kwamba mwaka 1831 Michael Faraday alionyesha kuwa waya ukisogea katika uga wa sumaku huzaa umeme. Wanaikariri kanuni, wanachora mchoro, wanapata alama. Kisha mwanafunzi huyo huyo afunguapo boneti ya gari la babu yake haioni kanuni hiyo, ingawa imefungwa kando ya injini na inazungushwa na mkanda wa feni.

Tuchukue dainamo ya Lucas, iliyotumiwa katika magari mengi ya Uingereza, kama vile Land Rover na Morris Minor. Ina ncha mbili: kubwa ni D, itoayo umeme; ndogo ni F, ilishayo koili za uga. Siri yake ni kwamba chuma cha ndani hubaki na usumaku kidogo hata injini ikizimwa. Usumaku huo hafifu huzaa umeme mdogo, umeme ukaenda kwenye koili na kuuongeza usumaku, usumaku nao ukauongeza umeme, hivyo hivyo mpaka nguvu ikatimia. Sijui kama lipo somo la fizikia litamu kuliko hilo.

Na ni siri hiyo itupayo kipimo. Ukiisha kuhakikisha kuwa mkanda haukulegea, ondoa nyaya zote mbili za dainamo, unganisha D na F kwa waya mfupi, kisha weka voltimita kati ya waya huo na bodi ya dainamo. (Mengi ya magari hayo upande wa chanya ndio uliofungwa kwenye bodi, kinyume cha desturi ya leo; asiyelijua hilo atashangaa kuona sindano ikirudi nyuma.) Washa injini na uongeze mwendo polepole. Sindano yapasa kupanda bila kusitasita, na ikifika volti 20 koma hapo. Isiposogea kabisa, tazama brashi. Ikikwama kwenye volti moja au pungufu, shaka iko katika koili za uga. Ikikwama kwenye volti nne au tano, shaka iko katika koili zizungukazo.

Ikipanda vyema, dainamo haina hatia, na uchunguzi uhamie kwenye nyaya na kisanduku cha kudhibiti. Humo mna swichi ya sumaku iunganishayo dainamo na betri volti zikifika 13 hivi, na kuzitenganisha injini inapopunguza mwendo ili betri isimwage umeme wake ndani ya dainamo. Mara nyingi huwa ni ncha zilizochafuka tu. Ndiyo maana taa nyekundu ikimetameta wakati injini inaunguruma polepole si ugonjwa. Dainamo haitoi kitu cha maana katika mwendo huo. Nimewaona watu wakitozwa fedha kwa kutibiwa afya.

Mwenzangu mmoja ananiambia kwamba nahangaikia maiti: dainamo ing'olewe, alteneta ifungwe, mambo yaishe. Kwa mtu asafiriye usiku na taa zake zimewaka, nakubaliana naye bila ubishi, maana dainamo ya namna hiyo hutoa ampia 20 hivi tu na alteneta huipita kwa mbali. Lakini alteneta ya leo hufungwa pamoja na kidhibiti chake cha kielektroniki, na ikiharibika hubadilishwa nzima. Haimfundishi mtoto kuuliza. Tena kipimo nilichokieleza kisijaribiwe kamwe kwenye alteneta, kitaiharibu.

Basi dainamo zinazong'olewa ziende wapi? Leo huuzwa kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, kwa sababu ya shaba iliyomo. Naomba mwalimu wa fizikia awahi kabla ya mizani. Hata gari halihitajiki: toa mkanda, unganisha D na F, peleka waya mmoja wa betri ya volti 12 hapo na wa pili kwenye bodi, na dainamo nzima itazunguka yenyewe kama mota. Mwulize mwanafunzi aliye karibu nawe kwa nini, kisha umwachie bisibisi.